Anza na Jedwali la Usiku: Mwongozo Kamili wa Kuwapeleka Vijana Wako Ulaya kwa Wiki Tatu Ukitokea Lubumbashi

Kila mwaka ukifika mwezi wa nne simu yangu haitulii. Shemeji wa Kamalondo, jirani wa Golf, mama mmoja tunayesali naye Jumapili: wote wana shida ileile. Mmoja amekwisha kununua tiketi nne za ndege, na viza hajaiomba. Mwingine ameipata, ila siku zilizoandikwa ni chache kuliko hoteli alizolipia. Wa tatu alirudi salama, lakini anasema watoto wake wa miaka 14 na 16 walinuna kuanzia Paris mpaka Amsterdam, na pesa zimekwisha.

Ombi letu la kwanza pia lilikataliwa, na kosa lilikuwa langu. Barua yangu ilisema tunakwenda Ufaransa. Hoteli zilionyesha kwamba tunalala Ubelgiji usiku 9 na Ufaransa usiku 6. Bima nayo ilianza siku moja baada ya ndege kutua. Faili moja, safari tatu tofauti. Afisa hakuhitaji kuwa mkali ili kutukatalia.

Tangu hapo siruhusu mtu aniulize habari za mnara wa Eiffel kabla hajanionyesha karatasi moja: jedwali la usiku. Ni mistari tu inayosema kila usiku familia inalala wapi. Hatua zote hapa chini zinatoka kwenye karatasi hiyo.

## Vitu vya kuweka mezani kwanza

Usianze kutafuta hoteli kabla hujakusanya hivi:

- Pasipoti ya kila mtu. Iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ina kurasa mbili wazi, na itabaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya.
- Hati ya kuzaliwa ya kila mtoto, na hati ya ndoa ya wazazi.
- Taarifa za benki za miezi mitatu ya mwisho, hati ya kazi na karatasi za mshahara. Mfanyabiashara aweke karatasi za biashara yake na za kodi.
- Hati ya shule ya mwaka huu kwa kila kijana.
- Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kila msafiri.
- Picha za pasipoti mpya, si zile zilizobaki za mwaka juzi.
- Karatasi ya *prise en charge* (ahadi ya kuwagharamia) kama mna ndugu atakayewapokea. Hii inaanzia kule kwake, kwa hiyo mpigie mapema.
- Daftari moja na kalamu. Ndiyo, daftari. Simu hufa betri.

## Hatua ya 1: Funga tarehe kabla ya kufungua ramani

Shule zetu zinafungwa mapema Julai na kufunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Dirisha lenu ni hilo, na bahati nzuri ndilo la majira ya joto kule. Ubaya wake ni kwamba Wazungu nao wako likizo, kwa hiyo vitanda na viti vya ndege viko bei ya juu.

Kama una mtoto wa darasa la sita la sekondari, weka kwanza tarehe za Exetat, mtihani wa taifa, kisha ongeza wiki moja ya tahadhari, maana kalenda ya mitihani inaweza kusogea. Nimeona familia ikisafiri bila kaka mkubwa kwa sababu hiyo. Alibaki Katuba kwa bibi, na mpaka leo hajasahau.

Hesabu kurudi nyuma. Ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na siku ya mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini sheria inaruhusu mpaka 45. Anayetaka kuondoka katikati ya Julai awe na faili kamili mwezi wa nne. Anayeanza mwezi wa sita anacheza bahati nasibu.

## Hatua ya 2: Jaza jedwali la usiku

Chora safu tano: tarehe, mji, nchi, tunalala kwa nani, tunafikaje. Kisha jaza usiku mmojammoja. Huu ni mfano wa familia ya watu wanne yenye ndugu Bruxelles:

- Bruxelles, kwa ndugu: usiku 10
- Amsterdam, hoteli: usiku 3
- Köln, hosteli ya vijana yenye chumba cha familia: usiku 2
- Luxembourg, hosteli: usiku 2
- Paris, nyumba ya kupanga: usiku 5
- Bruxelles tena, kabla ya ndege: usiku 1

Jumla ni usiku 23, lakini siku ni 24. Siku ya kuingia inahesabiwa, na siku ya kutoka inahesabiwa. Watu wengi huandika 23 kwenye fomu, wakapewa 23, kisha siku ya mwisho wakajikuta uwanja wa ndege na siku moja ya deni.

Sasa jumlisha kwa nchi: Ubelgiji 11, Ufaransa 5, Uholanzi 3, Ujerumani 2, Luxembourg 2. Nchi yenye siku nyingi ndiyo inayopokea ombi lenu. Haijalishi ndege inatua wapi, wala mji upi unawasisimua zaidi. Nchi mbili zikilingana kwa siku, ndipo mnaomba kwa ile mnayoingia kwanza.

Viza moja ya Schengen inatosha kwa nchi hizo zote. Eneo hilo lina nchi 29 tangu Bulgaria na Romania zilipoingia kikamilifu mwanzoni mwa 2025, na Uswisi imo. Uingereza haimo, wala Ireland. Hapa ndipo wengi hujikwaa: "Tukiwa Paris tutachungulia London siku mbili kwa shangazi." Kuchungulia huko kunahitaji viza nyingine ya Uingereza. Tena, kama viza yenu ya Schengen ni ya kuingia mara moja tu, mkitoka kwenda London hamrudi tena Paris. Ama uombe viza ya kuingia mara nyingi na uieleze sababu, ama shangazi apande treni awafuate. Sisi tulimwambia apande treni.

Kuhusu idadi ya miji nina msimamo mkali: miji mitano kwa wiki tatu ndiyo kikomo, na usilale usiku mmoja mahali popote isipokuwa kabla ya ndege. Kila siku ya kuhama inameza nusu siku: kufunga mizigo, kutafuta kituo, kusubiri chumba kifunguliwe mchana. Mtu mzima huvumilia. Kijana wa miaka 15 aliyeamshwa mapema siku tatu mfululizo atakulipiza mbele ya kanisa kuu la Köln, na hata ngazi 533 za mnara wake hazitamtuliza.

Utajua umefaulu pale mtu asiyejua lolote kuhusu safari yenu atakaposoma jedwali na kukuambia mnalala wapi usiku wa tarehe yoyote.

## Hatua ya 3: Majina ya watoto yafanane

Hii ndiyo hatua inayochelewesha faili za kwetu kuliko zote, na ni yetu sisi Wakongomani wenye majina matatu: jina, postnom na prénom. Pasipoti ina mpangilio mmoja, kadi ya shule mwingine, hati ya kuzaliwa ina herufi moja iliyopotea. Ofisini Lubumbashi kila mtu anaelewa. Anayesoma faili yako hawezi kukisia.

Panga karatasi zote za mtoto mmoja mezani, soma majina kwa sauti, herufi kwa herufi. Palipo na tofauti, anza kurekebisha leo kwenye ofisi ya état civil (uandikishaji wa raia) ya komini. Mtoto ambaye kuzaliwa kwake hakukuandikishwa ndani ya siku 90 hana hati ya kawaida. Atahitaji kwanza *jugement supplétif*, hukumu ya mahakama inayothibitisha kuzaliwa kwake, na hiyo haitoki kwa siku mbili. Kuna balozi zinazotaka hati hizo zihalalishwe pia, kwa hiyo soma orodha yao mstari kwa mstari.

Mtoto wa chini ya miaka 18 akisafiri na mzazi mmoja, mzazi anayebaki aandike ruhusa, aisaini, na saini ithibitishwe. Karatasi hiyo inaweza kuulizwa ubalozini, na watu wa uhamiaji pale Luano, uwanja wetu wa ndege, na kampuni ya ndege. Tengeneza nakala tatu. Kama mzazi mmoja amefariki au hajulikani aliko, tafuta karatasi ya kisheria inayosema hivyo. Maneno ya mdomo hayatasaidia.

## Hatua ya 4: Pesa zionekane, na zisionekane ghafla

Kila nchi ina kipimo chake cha pesa za kujikimu. Ubelgiji hutumia euro 95 kwa siku kwa anayelala hotelini, na euro 45 kwa anayelala kwa mtu. Kwa jedwali letu, siku 12 za hoteli na siku 12 za kwa ndugu, watu wanne, hesabu ni hii: 95 × 12 × 4 ni 4,560, na 45 × 12 × 4 ni 2,160. Jumla euro 6,720. Si kwamba lazima uzile zote. Ni picha ya kwamba hamtakwama njiani.

Ndugu wa Bruxelles akisaini *prise en charge*, anajifunga yeye kugharamia. Komini yake itathibitisha saini, na ataonyesha mshahara wake. Ufaransa wana karatasi yao, *attestation d'accueil*, inayotoka ukumbi wa jiji. Usichanganye hizo mbili: ile ya Ufaransa haikusaidii kwa maombi ya Ubelgiji.

Kosa la kwetu ni kukopa dola 5,000 kwa mjomba, kuziweka benki Jumatatu, kuchukua taarifa Ijumaa. Afisa anaona akaunti iliyokuwa na dola 200 kwa miezi mitatu, kisha mlima, na atajiuliza mlima umetoka wapi. Kama umeuza kiwanja au gari, weka hati ya mauzo kwenye faili. Kama ni akiba ya likelemba (upatu), weka barua inayoeleza mzunguko wenu. Pesa isiyo na maelezo inaharibu hata pesa yenye maelezo.

## Hatua ya 5: Bima, miadi, ada na vidole

Bima ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000, ifae nchi zote za Schengen, na ifunike siku zote za jedwali. Mimi huongeza siku mbili mwishoni, maana ndege huchelewa. Linganisha tarehe za bima na za ndege kabla ya kulipa. Unakumbuka kosa langu.

Ada ya viza ni euro 90 kwa kila mtu kuanzia miaka 12, tangu Juni 2024. Watoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa 45, na wa chini ya hapo hawalipi. Kwa hiyo vijana wako ni watu wazima kwenye risiti: familia ya wanne ni euro 360, pamoja na ada ya kituo kinachopokea faili. Mkikataliwa, hazirudi.

Kuanzia miaka 12 pia, alama za vidole ni lazima, na kwa hiyo vijana wafike wenyewe. Alama zinaweza kutumika tena ndani ya miezi 59, hivyo aliyezitoa karibuni anaweza kusamehewa. Ubelgiji ina konseli kuu hapa Lubumbashi, lakini usiende kwa mazoea. Soma kwenye tovuti rasmi ya nchi yako ya maombi ni wapi faili zinapokelewa msimu huu, hapa au Kinshasa. Jibu hilo ndilo litakaloamua kama unalipa tiketi nne za kwenda Kinshasa kwa ajili ya vidole tu, na liingie kwenye bajeti mapema.

Kwa ndege na hoteli, peleka uhifadhi unaoweza kufutwa. Usinunue tiketi kamili kabla ya viza. Jamaa wa mitaani anayekuambia "ukinunua tiketi watakuhurumia" anauza tiketi.

Barua ya maelezo iwe ukurasa mmoja, na jedwali la usiku liwe ukurasa wa pili. Sema kazi yako, tarehe ya kurudi kazini, na tarehe ambayo vijana wanarudi darasani. Sababu ambayo hutajwa mara nyingi katika kukataliwa ni shaka kwamba hamtarudi. Shule ya watoto, kazi na nyumba ndivyo vinavyojibu shaka hiyo, kuliko sentensi tamu.

Mkikataliwa, mtapewa fomu yenye sababu iliyowekewa alama. Mna haki ya kukata rufaa, au ya kuomba upya. Kabla ya kuomba upya, rekebisheni ile sababu. Faili ileile ikirudi, jibu litarudi lilelile.

## Hatua ya 6: Soma stika, usiibusu tu

Siku ya kupokea pasipoti, kabla ya kupiga picha za kutuma kwa familia, soma mistari mitatu. Wa kwanza ni tarehe: kutoka lini mpaka lini. Wa pili ni idadi ya kuingia: 1, 2 au MULT. Wa tatu ni muda wa kukaa, kwa siku.

Mstari wa tatu ndio mtego. Stika inaweza kuwa hai kwa siku 39 huku muda wa kukaa ni siku 24 tu. Siku za ziada ni nafasi ya kusogeza ndege, si ruhusa ya kuongeza likizo. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya ilianza mfumo uitwao EES, unaorekodi kuingia na kutoka kwa kompyuta. Zamani mtu alitegemea muhuri uliofifia. Kompyuta haififii.

Angalia pia majina na namba za pasipoti za kila mmoja. Ukiona kosa, rudi siku hiyohiyo.

## Hatua ya 7: Sasa nunua tiketi ya ndege

Kutoka Luano njia za kawaida za familia ni kupitia Addis Ababa au Nairobi. Wengine huvuka mpaka wa Kasumbalesa na kupandia Ndola, Zambia, kwa sababu bei hushuka. Kabla ya kufanya hivyo, jumlisha gari, foleni ya malori, taratibu za mpakani na usiku wa hoteli kwa watu wanne. Mara nyingi akiba inabaki pale pale Kasumbalesa.

Jihadhari na majina ya viwanja. Charleroi huitwa Bruxelles-Sud kwenye matangazo, lakini ni mji mwingine kabisa. Beauvais huitwa Paris, na ni kama kilomita 80 kutoka mjini. Tiketi ya bei ndogo kwenda huko ina basi la bei kubwa nyuma yake, na mara nyingi sanduku hulipiwa kando.

Uliza kama Go-Pass, ada ya uwanja wa ndege ya Kongo, imo ndani ya tiketi. Kama haimo, weka dola zake pembeni kwa kila msafiri.

## Hatua ya 8: Treni na vitanda

Ukitafuta pasi ya treni utaona majina mawili. Interrail ni ya wakazi wa Ulaya. Ninyi mnaotoka Lubumbashi mnanunua Eurail, na ukinunua isiyo yako, pesa imekwenda. Eurail ina punguzo kwa vijana wa miaka 12 hadi 27. Lakini treni za kasi za Ufaransa na Eurostar hudai uhifadhi wa kiti juu ya pasi, kwa malipo ya ziada.

Kwa mzunguko mfupi kama wetu mimi sinunui pasi. Tiketi mojamoja zilizokatwa miezi miwili au mitatu kabla huwa nafuu. Bruxelles hadi Paris ni kama saa moja na nusu, na Luxembourg hadi Paris ni zaidi kidogo ya saa mbili. Mabasi ya FlixBus hubeba wenye mfuko mwembamba, ila vijana warefu watalalamikia magoti.

Kwa nini Luxembourg imo? Kwa sababu tangu tarehe 1 Machi 2020 mabasi, tramu na treni za nchi nzima ni bure, kwa wageni pia. Baada ya Amsterdam na Köln mfuko unahitaji kupumua.

Bebeni pasipoti kwenye treni, si chini ya sanduku. Ni kweli kwamba ndani ya Schengen mipaka iko wazi, lakini Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na Uholanzi ilifuata Desemba. Polisi akipanda, familia yenye sura kama zetu ndiyo huulizwa mapema. Toa pasipoti nne kwa pamoja, kwa utulivu, na jedwali la usiku juu yake.

## Hatua ya 9: Mpe kila kijana mji wake

Hatua hii watu huiruka kwa sababu haina muhuri. Halafu wanarudi wakisema Ulaya imewachosha.

Miezi miwili kabla, gawa miji. Kila kijana awe mkuu wa mji mmoja: anapanga siku mbili, anajua treni ipi, tunakula wapi, na ana bajeti mkononi kwa euro. Wewe una haki moja tu ya kupinga kwa siku. Binti yangu alichukua Amsterdam. Aligundua mwenyewe kwamba tiketi za nyumba ya Anne Frank huuzwa mtandaoni tu, na kwamba hutolewa kila Jumanne kwa tarehe za wiki sita mbele. Aliweka kengele ya simu. Mimi ningefika mlangoni na kurudishwa.

Tumia umri wao. Chini ya miaka 18 wanaingia bure Louvre, Orsay, Rijksmuseum na Van Gogh, hata kama ni wa Lubumbashi. Wewe utalipa: Louvre imepandisha kiingilio mpaka euro 32 kwa wageni wa nje ya Ulaya tangu Januari 2026. Familia zingine humwacha mzazi mmoja nje na kahawa, na si vibaya. Louvre hufungwa Jumanne, Orsay Jumatatu. Hata tiketi ya bure mara nyingi huhitaji saa iliyohifadhiwa.

Mdogo wake alichukua Bruxelles, akachagua Tervuren, jumba la makumbusho la Afrika, mwisho wa tramu 44. Nilidhani atakimbia baada ya nusu saa. Alisimama mbele ya misalaba ya shaba ya Katanga muda mrefu, akaniuliza kwa nini ya kwetu iko huku. Kisha tukatembea mpaka kanisani, kwenye makaburi ya Wakongomani saba waliofariki walipoletwa kuonyeshwa mwaka 1897. Siku ile hakuna aliyeomba Wi-Fi. Usipange kitu kingine mchana wa siku kama hiyo.

Kanuni ndogo zilizotusaidia: jambo moja kubwa kwa siku, kabla ya chakula cha mchana. Siku moja kati ya nne haina mpango, na wakilala mpaka saa tano asubuhi, walale. Mkifika kila mji, chagueni mahali pa kukutania mtu akipotea, na mahali hapo paandikwe kwenye daftari.

Jua litawadanganya. Hapa kwetu mwezi wa saba giza huingia kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Bruxelles jua huzama karibu saa nne usiku. Saa zetu na zao ni zilezile majira hayo, lakini mwili hautaamini, na mtashtuka saa tatu na nusu usiku hamjala na maduka yamefungwa. Ujerumani maduka mengi hufungwa Jumapili nzima.

## Hatua ya 10: Wiki ya mwisho nyumbani

Pesa kwanza. Dola inayotawala kwenye soko la Kenya hapa Lubumbashi na madukani kwetu haipokelewi dukani Köln. Badilisha sehemu kuwa euro, noti ndogo ndogo, kwa kuwa noti ya 200 hutazamwa kama ugonjwa. Weka nyingine kwenye kadi mbili za benki tofauti, na uiarifu benki kwamba unasafiri. Kuanzia euro 10,000 taslimu ni lazima kuzitangaza mpakani. M-Pesa ya ndugu haitakulipia tramu.

Mizigo: shangazi ataagiza sombe, majani ya muhogo. Mwambie hapana. Majani mabichi hayaingii bila cheti cha afya ya mimea, na nyama au maziwa kutoka nje ya Ulaya hairuhusiwi kabisa, hata iliyokaushwa. Kapenta kavu ya kula nyumbani inaruhusiwa kwa kiasi. Na kusema kweli, mtaa wa Matonge, Bruxelles, una sombe kuliko wewe.

Beba koti lile la asubuhi za Julai za Lubumbashi. Kule huliita majira ya joto, na mvua hunyesha.

Piga picha za karatasi zote, uzitume kwenye barua pepe ya wazazi wote wawili na ya kijana mkubwa. Karatasi zenyewe ziwe kwenye begi la mkononi: afisa wa mpakani ana haki ya kuuliza bima, malazi na pesa hata kama viza ipo.

## Hatua ya 11: Kufika, na kurudi

Kwa mwenyeji wa Ubelgiji kuna jambo ambalo karibu kila familia hulisahau. Mgeni anayelala kwa mtu binafsi, si hotelini, hujitangaza kwenye komini ya pale ndani ya siku 3 za kazi. Nendeni wote, na pasipoti. Hoteli hufanya yake wenyewe.

Vituo vikubwa kama Bruxelles-Midi na Gare du Nord ya Paris vina wezi wa mfukoni wenye adabu sana. Anayekuomba usaini karatasi, anayekuokotea pete, anayekusaidia kununua tiketi: kataa ukiwa unatembea. Simu ya kijana isikae mfuko wa nyuma. Metro ya Paris, tunza tiketi mpaka utoke nje, kwa sababu wakaguzi husimama njia ya kutokea, na faini hulipwa kwa kila kichwa.

Kila jioni futa mstari mmoja wa jedwali. Ukichelewa treni na usiku ukahamia mji mwingine, andika badiliko palepale, na utunze risiti.

Kurudi, fikeni uwanjani saa tatu kabla ya ndege, kwa kuwa mpaka wa kutoka nao una foleni. Tunza vipande vya tiketi za kupandia, na piga picha muhuri kama upo. Balozi zingine hutaka uthibitishe kwamba umerudi, na hata isipotaka, karatasi hizo ndizo ukurasa wa kwanza wa faili yenu ijayo. Kadi za manjano ziwe mkononi, si kwenye sanduku: pale Luano huulizwa kabla ya mizigo.